Mbio Hazikukushinda, Mdogo Wangu

Wewe uliyeniandikia kutoka Adu, huku Magarini, Kilifi, uliyekuja likizo ukitokea Ujerumani unakofanya kazi ya uuguzi, kona yote ya leo ni yako. Wenye maswali ya mawifi na mikopo ya chama wanivumilie hadi toleo lijalo. Barua yako ina uchungu ambao hauhusu mbio peke yake, na sitaki kuujibu kwa mistari miwili.

Kwa wasomaji ambao mchezo huu ni mgeni kwao: triathloni ndefu ni mashindano ya siku moja. Mtu huogelea kilomita 3.8, akitoka majini huendesha baiskeli kilomita 180, na akishuka kwenye baiskeli hukimbia marathoni nzima, kilomita 42.195. Yalianzia Hawaii tarehe 18 Februari 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Siku hizi hufanyika sehemu nyingi za dunia, na kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 awe amefika. Wengi wanaojitosa ni watu wenye kazi zao za kila siku, walimu, mafundi, wauguzi kama mwenzetu huyu.

Yeye alishiriki kiangazi kilichopita huko Ulaya. Kuogelea hakukumsumbua. Baiskeli aliimaliza kwa saa 6 na dakika 10, hata mwenyewe akashangaa. Akaanza marathoni kwa furaha, kilomita 10 za kwanza akienda dakika 5 na sekunde 15 kila kilomita. Kwenye kilomita ya 18 akatapika. Kuanzia ya 24 akawa anatembea, anasimama, anatembea, na marathoni peke yake ikamla karibu saa 7. Alifika, medali akavishwa. Lakini kazini wakamuuliza, "Si wewe Mkenya? Mbio zimekushindaje?" Na alipofika Adu, binamu zake wakamuuliza swali lilelile huku wakicheka. Sasa ananiuliza: nirudie, au niachane nayo?

Nianze na hili la Ukenya, mdogo wangu, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mabingwa wetu wengi wa mbio ndefu wametoka nyanda za juu za Bonde la Ufa. Iten iko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa kule hukua akiona makundi ya wanariadha yakipita mlangoni kwao kila alfajiri. Wewe umekulia Magarini, kwenye joto na vumbi, ukiteka maji na kwenda shule kwa miguu. Nguvu unazo, ila hakuna mtu anayezaliwa na marathoni mwilini kwa sababu ya rangi ya pasipoti yake.

Tena wanaokucheka wakumbuke yaliyotokea hapa hapa pwani. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Ilikuwa kilomita 12 tu. Joto na unyevu wa Mombasa vikamlegeza, na kwenye mzunguko wa mwisho akatoka njiani, akaacha. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Hakuna aliyesema siku ile kwamba Bekele hajui kukimbia. Na Doha, mwezi Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu na saa sita za usiku ili kukwepa jua, na bado joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30. Walianza wanawake 68, wote wa kiwango cha dunia, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepng'etich alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda ambao katika siku ya baridi usingempa hata nafasi ya karibu na mbele.

Hao wote walianza na miguu mipya. Wewe ulianza baada ya kilomita 180.

Sasa tuje kwenye hesabu zako, maana uliniandikia zote, na jibu limo humo. Unasema marathoni yako ya kawaida, bila kuogelea wala baiskeli, uliikimbia kwa saa 3 na dakika 52. Hiyo ni dakika 5 na sekunde 30 kila kilomita. Halafu siku ya triathloni, baada ya saa karibu 8 za kazi, ukaanza kwa dakika 5 na sekunde 15. Umeona? Ulianza kwa kasi zaidi kuliko unavyokimbia ukiwa umelala vizuri na kunywa chai. Mtu akitoka kwenye baiskeli huwa anadanganywa na mwili wake. Miguu imezoea kuzunguka haraka, moyo uko juu, watu wanapiga makofi, naye anaona anaenda polepole kumbe anaruka. Karibu kila mgeni wa mchezo huu huliwa hapo.

Hata walio juu kabisa hawakimbii marathoni ile kama marathoni. Mwaka 1989 Mark Allen wa Marekani alikimbia ya Hawaii kwa saa 2, dakika 40 na sekunde 4, na muda huo ukabaki kuwa rekodi ya mbio za pale hadi 2016, miaka 27. Linganisha na Kelvin Kiptum wetu, Mungu amrehemu, aliyekimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Kati ya wawili hao kuna karibu dakika 40. Basi wewe, ambaye marathoni yako peke yake ni saa 3 na dakika 52, lengo la heshima ni saa 4 na nusu. Anza kwa dakika 6 na sekunde 20 kila kilomita. Kilomita 10 za kwanza utapitwa na watu wengi. Waache wapite.

Lakini mbio zenyewe ni nusu tu ya kosa, na nitakuwa mkweli kwako: ile saa 6 na dakika 10 unayojivunia ndiyo iliyokuumiza. Baiskeli ya triathloni ndefu unapaswa kuiendesha ukiwa na uwezo wa kuzungumza na mtu sentensi nzima bila kuhema. Ukiona unakata maneno, umezidisha. Ungeimaliza kwa dakika 20 zaidi, ungeokoa saa mbili kwenye mbio. Na dakika 10 za mwisho kabla ya kushuka, weka gia nyepesi, zungusha miguu taratibu, nyoosha mgongo.

Halafu chakula. Niliposoma ulichokula juu ya baiskeli nilishika kichwa. Jeli mbili za wanariadha, ndizi moja, na maji matupu, kwa saa 6! Hiyo ni gramu 80 hivi za wanga. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, gramu 400 hadi 500 kwa mtu wa kawaida, na ukifanya kazi kwa bidii akiba hiyo huanza kukauka ndani ya saa mbili hivi. Kinachobaki ni kile unachokula njiani. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 60 kwa saa kwa kazi ndefu namna hii, na waliozoeza matumbo yao hufika 90. Kwa saa 6 ulihitaji 360. Wewe ulikula 80. Mwili ni kama jiko la kuni: hulishwa kidogo kidogo moto ungali unawaka. Ukisubiri lizimike ndipo utie kuni, utapata moshi tu. Ndiyo maana ulipojaribu kula kwenye kilomita ya 18, tumbo lilikataa. Damu nyingi ilikuwa imekwenda kwenye miguu na kwenye ngozi kupoza mwili, na tumbo halikuwa tayari kupokea kitu.

Huhitaji kununua makopo ya bei ghali ili ufanye mazoezi ya kula. Uko nyumbani. Chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko vikubwa vitano, chumvi robo kijiko cha chai, kamulia ndimu au tia maji ya ukwaju uliochujwa vizuri. Hapo una gramu 60 za sukari na chumvi ya kutosha. Chumvi yenyewe ni hii yetu inayovunwa Gongoni na Marereni, umepita mbele ya mashamba yake maisha yako yote. Ongeza tende, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha. Soda ya cola iliyotolewa gesi husaidia sana kwenye saa za mwisho, tumbo likiwa limechoka na vitu vitamu vizito. Madafu nayapenda na ninajua utaniuliza: ni mazuri baada ya mazoezi, yana potasiamu nyingi, lakini jasho hutoa zaidi chumvi ya kawaida, kwa hiyo tia chembe ya chumvi ndani. Mnazi waachie wazee kwenye hafla, usiku wa kuamkia safari ndefu usiuguse.

Lakini usinywe maji kupita kiasi kwa kuogopa. Maji matupu mengi mno hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo huua. Wewe ni muuguzi, dalili unazijua: kichwa kinauma, pete inabana kidoleni, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa mbili. Kila kilo uliyopoteza ni lita moja hivi ya jasho. Ukikuta uzito umeongezeka, ulikunywa mno. Baada ya wiki mbili utajua kiwango chako bila kubahatisha.

Sasa kuhusu kutembea, maana umeandika kwamba ulijidhalilisha mbele ya watu. Nataka nikupe habari ya mwanamke mmoja.

Paula Newby-Fraser alizaliwa Harare. Kufikia mwaka 1995 alikuwa ameshinda mashindano ya Hawaii mara saba, hakuna mwanamke aliyemkaribia. Mwaka ule aliongoza tena, ila kwenye mbio Mmarekani Karen Smyers akawa anakuja nyuma yake kwa kasi. Paula akaogopa kupoteza sekunde, akaanza kupita vituo vya maji bila kusimama wala kuchukua kitu. Zikiwa zimebaki mita mia chache, kwenye barabara ya mwisho, watu wamejaa pande zote mbili, magoti yakalegea. Akayumba mpaka ukingoni. Smyers akampita. Paula akakaa chini, akavua viatu na soksi, akalala juu ya lami katikati ya umati huku watu wakimmwagia maji. Akanywa, akatulia. Baada ya kama dakika 20 akainuka, akatembea miguu mitupu hadi mwisho, akawa wa nne. Mwaka uliofuata alirudi, akashinda kwa mara ya nane.

Malkia wa mchezo mzima alitembea mbele ya kamera za dunia nzima. Wewe ulitembea zaidi ya kilomita 15 ukiwa umeishiwa, hukukata njia, hukupanda gari, ukafika. Katika kazi yako ukimwona mgonjwa anavumilia namna hiyo utamwita jasiri, na wewe mwenyewe unastahili neno hilohilo.

Safari ijayo, panga kutembea tangu kilomita ya kwanza. Kila kituo cha maji, tembea nusu dakika hadi dakika moja: kunywa, meza kitu, jimwagie maji kichwani na shingoni, tia barafu chini ya kofia ikiwepo, halafu anza tena kukimbia. Anayetembea kwa mpango hupoteza dakika chache. Anayetembea kwa kuishiwa hupoteza saa, wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Unasema pia, "Mtoto wa Adu nishindwe na joto la Ujerumani?" Ndiyo, unaweza. Uzoefu wa joto mwili huupata kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi, na huupoteza ndani ya wiki chache ukikaa kwenye baridi. Haubaki kwa sababu ulizaliwa nao. Frankfurt mwaka 2019, Mmarekani Sarah True alikuwa akiongoza wanawake kwenye triathloni ndefu siku ya joto kali, akaishiwa ikiwa imebaki chini ya kilomita moja, wahudumu wa afya wakamtoa. Kwa hiyo itumie likizo hii, halafu ukirudi huko usiache: siku kadhaa kabla ya mashindano, vaa nguo nzito kwenye mazoezi mepesi au kaa kwenye maji ya moto baada ya kukimbia.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji makubwa. Mara moja kwa wiki, baiskeli ndefu kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen, na ukishuka tu, badilisha viatu ukimbie dakika 20 hadi 30 kwa ile dakika 6 na sekunde 20. Huo mguu mzito wa dakika za kwanza ndio unaotaka kuuzoea. Msimu huu ni wa kaskazi: ukielekea Garsen unapigwa na upepo usoni, ukirudi unasukumwa. Nenda hivyo, uchovu ukianza upepo uwe mgongoni. Toka kabla ya jua, vaa nguo inayoonekana, malori ya chumvi na mabasi ya Lamu hayana huruma. Mbio ndefu usizidishe saa mbili na nusu, na usijaribu marathoni nzima kwenye mazoezi. Itakuchosha wiki tatu bila faida. Njia za udongo za Adu ni nzuri kwa magoti, ila usiende peke yako, na ukielekea upande wa Galana waulize wenyeji kuhusu ndovu. Kuogelea nenda Malindi au Watamu, ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa. Mto Sabaki usiuguse kabisa. Una mamba na viboko.

Nimebakiza jambo moja, na hili usilipitie juujuu. Umeandika, kama kitu kidogo, kwamba mkojo wako siku ile ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi, na mapaja yakakuuma siku nyingi isivyo kawaida. Mdogo wangu, hiyo ni dalili ya misuli kuvunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Kila mtu anaweza kupatwa na hilo akizidisha kwenye joto. Lakini sisi wa Kilifi tuna sababu ya ziada ya kuangalia. Utafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi umeonyesha kwamba karibu watoto 15 kati ya kila 100 wanaozaliwa huku hurithi jeni ya selimundu (sickle cell) kutoka kwa mzazi mmoja. Si wagonjwa, wengi huishi maisha yao yote bila kujua, na jeni hiyo huwakinga na malaria kali. Ila mwenye nayo akijikamua mno kwenye joto bila maji ya kutosha, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya misuli kuvunjika namna hiyo. Kipimo ni cha damu, chepesi. Ukikutwa nayo haina maana uache michezo. Ina maana uanze polepole, unywe kwa mpango, uzoee joto mapema, na daktari wa mashindano ajue.

Siku hiyohiyo wapime na wingi wa damu. Mwanamke anayepata hedhi na kukimbia kilomita nyingi hupungukiwa madini ya chuma bila kujua, na ukiwa umekuja pwani na malaria ikakugusa, damu hushuka zaidi. Mtu mwenye damu pungufu atafanya mazoezi yote niliyoyaandika hapa na bado atachoka kwenye kilomita ya 18.

Swali lako la mwisho: nirudie? Ndiyo, rudia, lakini si mwaka huu kwa umbali wote. Anza na nusu yake: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, mbio 21.1. Ipo karibu na nyumbani, Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako imekuwa ikifanyika tangu Agosti 2022, na upande wa pili wa mpaka ni Goma, Kiswahili kitakutosha. Kule jaribu chakula, jaribu kutembea kwa mpango, jaribu kujizuia kwenye baiskeli. Ukimaliza nusu hiyo ukiwa na nguvu ya kuzungumza na watu, jiandikishe kwa nzima mwaka unaofuata.

Na binamu zako wakikuuliza tena, waazime baiskeli yako waende Garsen na kurudi, halafu muzungumze.

Lakini kwanza kapime damu, wiki hii, kabla ya mazoezi mengine yoyote. Majibu yakitoka niandikie, hata kama ni mistari miwili, kabla hujapanda ndege.